Vipimo vya Mita na Kazi ya Karani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi. Yametiwa humu kwa ajili ya wale waliokuwa safarini au kazini siku ile.)



Nilipoombwa na Katibu niseme neno mbele yenu, nalidhani nitatakiwa niseme juu ya mishahara, au kupandishwa vyeo, au nyumba za kukaa, maana hayo ndiyo mambo yanayojaza ukumbi. Nikaambiwa nichague mwenyewe. Basi nimechagua jambo ambalo kila mmoja wenu alifundishwa angali mtoto, nalo ni kugeuza vipimo vya urefu: kilomita kuwa mita, mita kuwa sentimita, sentimita kuwa milimita. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mimi nami nalitabasamu zamani, hata siku moja jambo hili likaniondolea tabasamu usoni. Habari hiyo nitawaeleza kwanza, bila kujificha, kwani nadhani itawafaa kuliko mafundisho matupu.

Nalikuwa karani mgeni katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijiji kimoja kilikuwa kimeahidiwa maji ya bomba, kutoka chemchemi iliyo kilimani hadi tangi lililojengwa karibu na shule. Mapatano yalikuwa kwamba wanakijiji wachimbe mfereji kwa mikono yao, nayo ofisi ilete mabomba. Mhandisi akapima njia, akaandika katika karatasi yake, "urefu, km 1.25." Karatasi ikafika mezani pangu, nikaambiwa niandike hati ya kuagiza mabomba, ambayo kila moja lina urefu wa mita 6.

Sikilizeni nilivyofanya. Kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu juu ya mita, nalo ni "mia," kwa kuwa sote tumekariri kwamba mita moja ni sentimita mia. Nikaona 1.25, nikahamisha nukta nafasi mbili, nikapata 125. Nikaandika mita 125. Nikagawanya kwa 6, nikapata 20 na kitu, nikaongeza ili lisipungue bomba, nikaandika mabomba 21. Kule kugawanya kulikuwa sahihi kabisa. Hata leo ukirudia utapata vile vile. Mkubwa wangu akatia sahihi, maana alikuwa na hati nyingi siku hiyo, na hesabu ya 21 haikumwonyesha ubaya wowote.

Jioni ya siku ile ile, nikiwa njiani kurudi nyumbani, likanijia swali: je, kijiji kizima huchimba majuma matatu mfereji wa mita 125? Huo ni urefu wa kiwanja cha mpira na kupita kidogo. Nikasimama njiani. Nikajua nimekosea. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye kosa langu la kweli, kwa sababu sikusema. Nikajiambia, labda mtunza ghala ataona; labda mhandisi ataona; labda hati itarudishwa kwa sababu nyingine, nami nitapata nafasi ya kuisahihisha kimyakimya. Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne lori likaondoka na mabomba 21, nami nikatumwa kwenda nalo.

Tulipofika, watu walikuwa wamesimama kando ya mfereji kwa urefu wake wote, kila kaya mbele ya kipande ilichokichimba. Mabomba yakashushwa. Mafundi wakayaunga, wakafika mita 126, wakakoma. Mbele yao kulikuwa na mfereji mtupu wa mita 1,124. Mzee mmoja akanijia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo mengine yanakuja na gari gani?"

Mabomba yaliyotakiwa yalikuwa 209. Fedha za robo ile zilikuwa zimekwisha kugawanywa, basi yale 188 yaliyopungua yakangoja robo ya pili. Katikati yake mvua za masika zikanyesha, kingo za mfereji zikaporomoka, na watu wale wale wakachimba tena. Laiti ningalisema siku ya kwanza, hati ingalirudishwa na kuandikwa upya kwa dakika kumi. Yule mzee aliposikia kwamba kosa ni langu hakunitukana. Alisema tu kwamba kosa moja haliachi mke, akachukua jembe lake akaenda. Ningependa zaidi angenitukana.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Mwalimu aliyetufundisha hesabu katika shule ya misheni alikuwa na desturi ya kuchora ubaoni ngazi yenye vipandio saba. Juu kabisa huandika kilomita. Chini yake hektomita, kisha dekamita, kisha mita, ambayo iko katikati. Kisha desimita, sentimita, na chini kabisa milimita. Kila kipandio ni mara kumi ya kile kilicho chini yake. Maneno ya juu, kilo, hekto na deka, asili yake ni Kiyunani, maana yake elfu, mia na kumi. Yale ya chini, desi, senti na mili, asili yake ni Kilatini, nayo maana yake ni kumi, mia na elfu vile vile, ila hapa ni kwa kugawanya. Wafaransa walioyatunga katika miaka ya 1790 walifanya hivyo kwa kusudi, ili mtu akisikia neno ajue mara moja kama yuko juu ya mita au chini yake.

Ukishuka kipandio kimoja, nukta huhama nafasi moja kwenda kulia. Ukipanda kipandio kimoja, huhama nafasi moja kwenda kushoto. Hiyo ndiyo elimu yote. Tuitumie basi kwa ile kilomita 1.25. Kipandio cha kwanza, ni hektomita 12.5. Cha pili, dekamita 125. Cha tatu, mita 1,250. Bila shaka mmeona jambo. Ile 125 yangu haikuwa uongo. Zilikuwa dekamita 125. Nalishuka vipandio viwili, nikadhani nimekwisha kufika chini. Hektomita na dekamita hatuzitumii madukani wala njiani, kwa hiyo watu wengi huziruka wanapohesabu, lakini kipandio kisichokanyagwa na mtu kingali kipandio.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi si idadi ya nafasi, bali ni upande. Nimewaona makarani hodari, wenye vyeti vizuri kuliko vyangu, wakigeuza milimita 350 kuwa sentimita 3,500. Mtu huyo hujiambia kwamba sentimita ni kubwa kuliko milimita, basi hesabu nayo yapasa kuwa kubwa. Hapana, ni kinyume chake. Mwe na noti moja ya shilingi elfu kumi mkononi, mwende dukani mkaivunje kwa sarafu za mia mia. Mtapewa sarafu mia moja. Fedha haikuongezeka hata senti moja. Sarafu zimekuwa nyingi kwa sababu kila moja ni ndogo. Hapana karani atakayekubali kutoa noti ya elfu kumi akarudishiwa sarafu moja ya mia! Tena akipeleka sarafu mia, hatazamii kupewa noti mia. Basi milimita ni sarafu, na sentimita ni noti. Milimita 350 ni sentimita 35.

Msidhani kwamba kukosea upande ni aibu ya wasiosoma. Kati ya Ujerumani na Uswisi, katika mji wa Laufenburg, lilikuwa likijengwa daraja juu ya mto Rhein, kila nchi ikianza upande wake. Wajerumani huhesabu kimo cha nchi kwa kuanzia usawa wa bahari ya kaskazini, nao Waswisi kwa kuanzia usawa wa bahari ya Mediterania, na vimo hivyo viwili hupitana kwa sentimita 27. Wahandisi walilijua jambo hilo, wakalitia katika hesabu. Lakini badala ya kutoa waliongeza, na mwaka 2003 ikaonekana kwamba pande mbili za daraja zinapishana kwa sentimita 54. Ikabidi upande mmoja urekebishwe kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2004. Tazameni: ile 27 ilikuwa sahihi, na kila mtu aliijua. Upande ndio uliokosewa.

Yafaa karani awe na urefu wa vitu kadhaa moyoni, ili akiona hesabu aulize kama yaweza kuwa kweli. Mlango wa nyumba ni kama mita 2, yaani sentimita 200, yaani milimita 2,000. Na kitu kilicho bora kuliko mlango kiko mezani pa kila mmoja wetu, nacho ni karatasi ya A4. Urefu wake ni milimita 297, au sentimita 29.7, au mita 0.297; upana wake ni milimita 210. Anayetaka kujua kama hesabu yake ya milimita ina akili na aitazame karatasi ile. Mimi ningaliyatazama magari na majembe ya kijiji kile kabla ya kuandika hati, nisingalihitaji mwalimu.

Tena kila hesabu iandikwe pamoja na jina la kipimo chake. Ramani za majenzi huandikwa aghalabu kwa milimita, tena bila kutaja milimita, kwa kuwa mafundi wanajua. Karani hajui. Akiona "2400" ubavuni mwa ukuta, akainakili katika hati kama mita 24, basi saruji na matofali yataagizwa kwa nyumba ya majitu. Wala msitegemee kwamba kompyuta itawaokoa. Kompyuta hupiga hesabu upesi na bila kuchoka, lakini ukiilisha 125 itakugawanyia 125, wala haitakuuliza majuma matatu ya kuchimba yalikuwa ya nini.

Na msiseme kwamba milimita ni kitu kidogo. Reli ya kati, iliyojengwa zamani za Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, yaani milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina milimita 1,067. Tofauti yake ni milimita 67, ambazo ni sentimita 6.7, hazifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa ajili ya kiganja hicho kisichotimia, behewa la reli moja haliwezi kwenda juu ya nyingine, na huko Kidatu palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli hii hadi ile. Reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 ina milimita 1,435, nayo haipatani na yoyote katika hizo mbili.

Sasa naomba mnivumilie katika jambo la eneo, maana hapa ndipo raia wanapoumizwa na kalamu zetu bila sisi kujua. Mita moja ni sentimita mia. Je, mita moja ya mraba ni sentimita za mraba ngapi? Nimeuliza swali hili katika ofisi yetu, na watu wanne kati ya saba walijibu mia. Jibu ni elfu kumi. Mraba una pande mbili, nazo zote mbili hugeuka, mia mara mia. Kwa hiyo katika eneo kila kipandio cha ngazi huhamisha nukta nafasi mbili, si moja. Asiyesadiki na apige hesabu ya marumaru za sakafu. Chumba cha mita 4 kwa mita 3 ni mita za mraba 12, yaani sentimita za mraba 120,000. Marumaru moja ya sentimita 30 kwa 30 ni sentimita za mraba 900. Gawanyeni, mtapata 133 na kitu, basi mtanunua 134, na chache za akiba. Lakini yule aliyeandika kwamba chumba ni sentimita za mraba 1,200 atarudi kutoka dukani na marumaru mbili.

Marumaru zaweza kuongezwa kesho. Kiwanja ni shida. Hekta ni mraba ambao kila upande wake ni hektomita moja, yaani mita 100. Basi hekta ni mita za mraba 10,000. Mtu ana kiwanja cha mita 20 kwa mita 25. Hizo ni mita za mraba 500, nazo ni hekta 0.05. Karani akidhani hekta ni mita za mraba elfu moja, ataandika hekta 0.5. Sifuri moja tu imepotea. Mwaka unaofuata karani mwingine, ambaye hamjui wa kwanza, ataigeuza ile 0.5 kuwa mita za mraba 5,000, naye hatakosea hata kidogo. Kodi ya pango la ardhi ikihesabiwa kwa mita za mraba, mjane aliyeachiwa kiwanja hicho atadaiwa mara kumi ya haki yake, na akija dirishani kulalamika ataonyeshwa karatasi yenye mhuri.

Katika ujazo mambo ni vivyo hivyo, ila nafasi ni tatu kwa kila kipandio. Mfereji wa kijiji kile ulikuwa na urefu wa mita 1,250, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90. Njia salama ni kugeuza zote ziwe mita kabla ya kuzidisha: 1,250 mara 0.6 mara 0.9, nazo ni mita za ujazo 675. Huo ndio udongo waliouondoa kwa majembe, na sehemu yake waliiondoa mara mbili.

Juu ya vipimo visivyo vya mita nitasema machache. Wazee wetu wa pwani walipima kwa viungo vya mwili: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Ni ngazi nzuri, wala haina nukta ya kukosewa. Ubaya wake ni kwamba mkono wa muuzaji ni mfupi siku ya kuuza. Mpaka leo watu huuziana viwanja kwa hatua, na ugomvi wake twaujua. Hata maili haijatutoka, kwani Kibaha kuna Maili Moja, na karibu na Moshi kuna Mailisita, ilhali vibao vya barabarani husema kilomita. Maili ni kilomita 1.609. Bomba, msumari na mbao tungali twavitaja kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila masazo, kwa mapatano ya mwaka 1959. Anayeishika hiyo ataweza kupata nyingine zote.

Imebaki habari moja, nayo ndiyo iliyonifanya nichague maneno ya leo. Wafaransa walipotaka kuutunga urefu wa mita walikusudia uwe sehemu moja katika milioni kumi za mwendo wa kutoka Ncha ya Kaskazini ya dunia hadi ikweta. Ili kuupata, kuanzia mwaka 1792 mabwana wawili, Delambre na Méchain, walitumwa kupima nchi kutoka Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, hadi Barcelona katika Hispania. Kazi ilikwisha baada ya miaka sita, katikati ya vita na fitina. Méchain alikuwa mtu wa uangalifu mwingi sana. Huko Barcelona alipima mahali pawili akitazama nyota, na vipimo vyake havikupatana. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Lakini aliona haya, akaificha. Aliporudi Paris alisifiwa na wakubwa, na kila sifa ilimchoma. Mwishowe akaomba kurudi Hispania kupima zaidi, na huko akashikwa na homa akafa, mwaka 1804. Delambre alipoletewa karatasi zake ndipo akaona yaliyofichwa.

Kipande cha madini cha urefu wa mita kilikuwa kimekwisha kutengenezwa mwaka 1799. Baadaye ikajulikana kwamba ni kifupi kuliko kilivyokusudiwa, kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita, na sababu yake kubwa ni kwamba dunia yenyewe si mviringo sawasawa kama walivyodhani. Hesabu aliyoificha Méchain haikuwa sababu ya upungufu huo. Mtu yule alijitesa zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya jambo ambalo, kama angalilieleza, wenzake wangalimwambia kwamba si hatia yake. Nami niliposoma habari zake nalikumbuka zile siku tatu nilizonyamaza, ingawa kosa langu lilikuwa kosa kweli. Mita yenyewe haitegemei tena kipande kile. Tangu mwaka 1983 hupatikana kwa mwendo wa nuru, ambayo kwa sekunde moja huenda mita 299,792,458.

Bwana Katibu amenikubalia nibandike picha ya ile ngazi penye ubao wa matangazo, mlangoni. Mwenye karatasi ya kiwanja au ya majenzi anayoitilia shaka na aje nayo juma lijalo baada ya kazi, tutaitazama pamoja, wala majina hayatatajwa. Na kwa wapendao kujijaribu, hili hapa: barabara ina urefu wa kilomita 3.6, na nguzo za umeme zasimamishwa kila baada ya mita 50, ya kwanza ikiwa mwanzoni kabisa mwa barabara na ya mwisho mwishoni kabisa. Nguzo ngapi ziagizwe? Majibu yapelekwe kwa Katibu, nayo yatatolewa katika toleo lijalo. Angalieni ile nguzo ya kwanza.